Punje ya Tantali Katika Karatasi ya Mzee Ukumu

Ninyi mnaokaa sasa chini ya miavuli ya soko la Nyakasanza, hapa Bunia, mkipuliza hewa moto juu ya simu za watu, ninawaandikia nikiwa karibu nanyi kuliko mnavyofikiri. Nyumba yangu iko nyuma ya soko. Nasikia vicheko vyenu, nasikia pikipiki zinazosimama mbele ya meza zenu bila kuzimwa. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja: redio, televisheni, foni zile za kuita na kujibu, kisha simu. Nina miaka hamsini na minane. Mikono yangu bado ni mizima. Macho ndiyo yaliyoacha kazi kwanza, nayo mikono ikayafuata kwa heshima.

Nina shida, na nitaisema mapema ili msidhani nawasimulia ya zamani kwa kupoteza wakati. Redio ya Mama Rosalie, mjane wa mwalimu wangu, imenyamaza tangu Jumapili iliyopita. Nimeifungua na ninajua kilichokufa ndani yake. Ni kondansateri moja, punje ndogo kuliko harage, kile kitu kinachoshika umeme kidogo na kuuachia taratibu. Mwenzake wa akiba alikuwamo ndani ya redio hiyohiyo, amefungwa katika karatasi. Mimi ndiye niliyemtoa, miaka tisa iliyopita. Karatasi bado imo, na haina kitu.

Ndani ya punje kama hiyo kuna tantali. Mnaijua kwa jina la jiwe lake, koltani. Nimewahi kuishika koltani mkononi: mchanga mweusi, na uzito wake unaushangaza mkono, kama mtoto aliyelala. Inatoka katika vilima vya upande wetu, inaondoka katika magunia, inavuka bahari, inasagwa, inapikwa, inafinyangwa kuwa punje, kisha inarudi Bunia ndani ya tumbo la simu, kidogo kiasi kwamba ukiiweka juu ya ulimi hutaisikia. Asubuhi, vumbi jekundu linaponyanyuka nyuma ya pikipiki na kukaa hewani kama halijaamua pa kwenda, huwa nawaza ni vilima vingapi vinapita hapo mbele ya mlango wangu, katika mifuko ya suruali za watu.

Nianze na unyoya wa kuku.

Mwalimu wangu, Mzee Ukumu, alitoka upande wa Mahagi. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, mrefu, mwenye kucha safi kuliko za daktari. Alijifunza kazi kwa kutengeneza redio za misheni. Mimi nilimjia nikiwa nimeacha shule, na kitabu kimoja cha Kifaransa cha umeme ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimechanika. Kilianzia ukurasa wa arobaini na moja. Umeme wangu wote nilijifunza kuanzia hapo, na mpaka leo sijui zile kurasa arobaini zilisema nini.

Siku ya kwanza alinipa unyoya wa kuku na kopo. Kila asubuhi kabla ya kazi nifagie meza kwa unyoya, na vumbi liingie katika kopo, lisianguke chini. Baada ya wiki moja nilichoka.

"Muzee," nikamwuliza, "hii ni ateliye ya kazi ao ni sakristia ya kanisa?"

"Weye fagia. Sakristia nayo inafagiliwaka."

Katika vumbi lile mlikuwa na matone ya bati ya kulehemia, madogo kama mayai ya sisimizi, na vipande vya miguu ya vyombo vilivyokatwa. Kopo lilipojaa aliliweka juu ya moto, akaongeza utomvu wa msonobari, akakoroga kwa kijiti, na bati ikajikusanya katikati, inang'aa, kama watu walioitwa kwa majina. Tukalehemia tena bati ileile. Jaribuni. Lakini fanyeni nje, na msimame upande upepo unakotoka, kwa sababu ndani ya bati ya zamani kuna risasi, ile metali yenye sumu, na risasi haina haraka. Inamngoja mtu mpaka azeeke.

Kosa langu kubwa la kwanza lilihusu mstari. Katika kondansateri ya kawaida, mstari uliochorwa ubavuni unaonyesha upande wa kutoa. Katika ya tantali unaonyesha upande wa kujumlisha. Mtu aliyepanga hivyo sijui alikosana na nani. Nililehemu ya tantali kinyume, nikawasha, nikainama kuangalia. Ilipasuka kama bisi. Cheche nyeupe ikapita karibu na sikio langu, na moshi wenye harufu ya kucha zilizoungua ukapanda polepole mpaka kwenye mabati, ukakaa pale.

Mzee Ukumu hakunitukana. Aliuangalia ule moshi muda mrefu.

"Unaiona? Ile moshi ndiyo kilima. Kilima imeingia mu hewa. Hakuna mutu ataichimba tena."

Kisha akanicheka mpaka akakaa chini. Nywele za upande wa sikio langu zilikuwa zimejikunja.

Sasa niseme desturi yake, maana mambo yote yanatoka hapo. Alipomaliza kutengeneza mashine ya mtu wa mbali, kabla ya kufunga parafujo ya mwisho, alichukua kile chombo alichojua kitakufa kwanza, akatafuta mwenzake mzima, akamfunga katika kipande cha karatasi ya daftari, akaandika juu yake kwa kalamu, akamtia ndani ya mashine, pembeni, mahali pasipo na joto. Kondansateri zake nzuri zilikuwa za aina moja tu. Alizitoa katika foni ya zamani ya misheni iliyouawa na radi, na aliziamini kuliko alivyoniamini mimi.

"Mutoto ya mashine asilale mbali na mama yake," alisema. "Mutu mwenye atafungua kisha weye, hautamujua. Mwachie hata salamu."

Niliona ni upotevu. Punje nzima inalala miaka kumi ndani ya redio isiyougua, huku mezani tunaitafuta nyingine ya kufanana nayo. Nilikuwa mtu wa utaratibu. Daftari langu lilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula. Mzee alipofariki na meza ikawa yangu, nilianza kuzikusanya. Kila mashine yake iliyorudi kwangu niliifungua, nikatoa karatasi, nikatia punje katika chupa ya kahawa juu ya rafu. Karatasi niliwashia jiko. Chupa ilijaa pia punje nilizozing'oa katika mashine zilizokufa, na nilipozihesabu zilikuwa mia mbili na kumi na saba. Jua la saa kumi lilipoipiga ile chupa, punje ziligeuka rangi ya asali, na ukuta wa nyuma ukawa na madoadoa ya manjano yaliyotembea polepole kuelekea dari. Niliziangalia kama mtu anavyowaangalia ng'ombe wake wakirudi. Nilifikiri nimeokoa kitu.

Wakati huo rafiki yangu Lobo alikuwa ameacha kuosha dhahabu Mongbwalu, amekuja Bunia kuuza vipuri vya pikipiki. Alikuja kunywa chai kwangu, akaiona chupa, akaona na kadi za kompyuta zilizotupwa na mashirika, ambazo nilikuwa nimezipanga mpaka karibu na paa.

"Hii yote iko na nini ndani?"

Nikamweleza: tantali katika punje, fedha kidogo katika vibonyezo, dhahabu nyembamba kama pumzi katika meno ya kadi, bati kila mahali.

"Na unaiangalia tu?"

"Nitaitoaje? Imefungwa ndani."

"Fundi, na mu mchanga dhahabu haikufungwa? Siye tulikuwa tunaitoa. Tutawasha moto, plastiki itaenda, chuma itabakia. Kisha tutwange, tuoshe na karai. Uko naogopa nini?"

Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Katika Ituri, mkoa wetu, tumezoea kwamba kila kitu cha thamani ni kizito, na kila kizito kinabaki chini ya karai ukizungusha vizuri. Tumelishwa na akili hiyo. Na mimi, mtu wa rula na daftari, nilibeba kadi zote, nikabeba na chupa ya kahawa, nikampelekea.

Tulichoma katika nusu ya pipa nyuma ya nyumba yake, karibu na kijito. Sitasahau ule moto. Ulianza mweusi, kisha ukawa wa kijani, kisha wa bluu kama shingo ya njiwa, na rangi zile zilipita moja ndani ya nyingine bila sauti. Tulisimama kama watu wanaoota. Mke wa Lobo ndiye aliyetuamsha. Alikuwa ameanika nguo.

"Lobo, kitenge yangu inanuka ofisi."

Tulitwanga majivu katika kinu kibovu. Lobo akaingia katika kijito mpaka magotini, akaanza kuzungusha karai, na kweli alikuwa fundi, maji yalimtii. Mwanzoni yalitoka meusi. Halafu yakatoka meupe, meupe kama maji ya kuoshea mihogo, na weupe ule ukanyooka katika kijito kama mkanda, ukapinda penye mawe, ukaenda. Niliupenda kwa macho kabla sijaelewa. Kisha ukanijia ukurasa mmoja wa kile kitabu changu, nilioukariri miaka mingi nyuma bila kuuelewa: tantali ikishikwa na moto inakula hewa, inageuka unga mweupe.

Katika karai vilibaki vitone vya bati vilivyochanganyika na risasi na masizi, visivyofaa tena kulehemia hata sufuria, na nyuzi za shaba.

"Karai haidanganyake, Fundi," Lobo akasema. "Hapa hakuna kitu."

"Kilikuwa mu ile maji nyeupe."

Akageuka, akaitazama.

"Basi iko inaenda mu muto Shari. Kisha muto Ituri. Kisha bahari." Akakung'uta karai. "Inarudi kule ilienda mara ya kwanza, lakini bila ndege."

Tulicheka. Nililala vizuri siku ile. Nilidhani nimepoteza chupa ya takataka.

Wiki tatu baadaye alikuja Mama Alphonsine. Yeye alikuwa nesi mkuu wa kituo cha afya upande wa Fataki, mahali ambapo simu hukamata ukipanda juu ya kichuguu, na siku nyingine hata kichuguu hakisaidii. Kituo kilikuwa na foni, ile redio kubwa ya kuita na kujibu. Kwa foni aliita hospitali ya Bunia, akauliza kama gari linaweza kuja kumchukua mama mjamzito, akauliza kama barabara inapitika, maana barabara ile kuna siku inapitika na kuna siku haipitiki, na anayejua ni yule aliyepita asubuhi. Foni ilikuwa imenyamaza.

Niliifungua. Punje ya tantali ya Mzee Ukumu ilikuwa imekufa baada ya kutumika miaka mingi. Nikageuza mkono kwenda rafuni kabla kichwa hakijakumbuka. Chupa haikuwepo. Nikaangalia pembeni mwa foni, pale mzee alipozoea kuweka karatasi. Pale nako palikuwa patupu, kwa sababu mwaka mmoja kabla, Mama Alphonsine alipoleta foni hiyohiyo kwa shida ya kipaza sauti, nilikuwa nimeitoa.

Sikumwambia. Nilitia kondansateri ya kawaida. Foni ikasema, akaondoka.

Alirudi siku ya sita, na foni mapajani, vumbi limemgeuza rangi mpaka kope. Mahali pale panahitaji punje isiyovujisha umeme hata kidogo. Ile yangu ilivujisha, sauti ikaanza kutangatanga, kisha ikapotea.

"Nipe mpaka kesho, Mama."

"Fundi, hata mara ile ulisema kesho. Kesho yako iko na siku ngapi?" Akakaa juu ya kigoda. "Juzi tulibeba mama mumoja na moto, pikipiki ya kukodi. Hatukujua kama njia iko wazi. Tulikuta imefungwa, tukarudi. Alizalia mu barabara, mimi nashika na huyu wa moto anageuza uso."

"Na mutoto?"

"Alilia. Mama yake pia alilia. Na wa moto." Hakutabasamu. "Lakini sitamwomba Mungu afanye kazi ya foni kila siku."

Nilizunguka Bunia yote. Mafundi walinifungulia visanduku vyao kwa moyo mwema. Tantali ilikuwamo, naam, katika kadi za simu, lakini punje za siku hizi ni kama ufuta, za volti sita, za volti kumi. Foni inataka zaidi ya ishirini. Nilipiga simu Kampala, wakasema wiki tatu, nao walisema kwa kubahatisha. Nilifika hata kwa mtu anayeyeyusha vyuma na kufinyanga masufuria, kwa sababu nilisikia alinunua mashine za zamani za misheni.

"Nilizitia zote mu moto," akaniambia. "Kama kitu yako ilikuwa ndani, sasa iko ndani ya sufuria ya mutu. Anapikia maharage."

Nilirudi mezani nikiwa nimechoka. Mama Alphonsine alikuwa bado juu ya kigoda, ameweka mkono juu ya foni kama juu ya kichwa cha mgonjwa.

"Na muzee yako? Hakuachake kitu?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kwamba mzee aliacha, ndani ya foni hii hii, na kwamba mimi niliitoa, na kwamba niliichoma pamoja na mia mbili nyingine nikitafuta chuma ndani yake. Nililisema kwa utaratibu, kama ninavyowaandikia ninyi. Alipangusa vumbi juu ya foni kwa upindo wa kitenge. Nje, pikipiki ilipita, nyingine ikapita.

"Redio ya nyumbani kwake mwenyewe," akasema mwishowe, "ulishaifungua?"

Sikuwa nimeifungua. Haikuwahi kuugua.

Tulikwenda wote wawili kwa Mama Rosalie, mitaa mitatu kutoka pale. Alikuwa anapukuchua maharage uani na redio inaimba kwenye dirisha. Aliniangalia, akamwangalia mgeni.

"Mumekuja kuangalia mimi ao kuangalia redio?"

"Redio, Mama," akajibu Alphonsine.

"Angalau weye unasema kweli. Huyu angesema amekuja kunisalimia."

Nilizima, nikafungua kifuniko cha nyuma. Harufu ya vumbi la moto na sabuni ya mzee ikatoka, au nilidhani. Ndani, ile punje ya aina yake ilikuwa mahali pake, na pembeni, mbali na joto, kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Niliifungua polepole. Punje ilikuwa nzima, ya rangi ya asali. Juu ya karatasi mkono wake ulikuwa umeandika: *Mwenzake. Volti 35. Mustari ni plus, usisahau. Salamu kwako mwenye umefungua.*

Karatasi kama hiyo nilikuwa nimewashia jiko mara ngapi. Sikuwa nimesoma hata moja mpaka mwisho. Nilisoma volti tu.

Mama Rosalie alinyoosha mkono, akaisoma, akanirudishia.

"Aliandikiaka barua watu wenye hakujua," akasema. "Mimi alinioa bila barua."

Nikamweleza shida. Nikamwambia pia kwamba tukiichukua, redio yake itabaki bila akiba.

"Na ikikufa, Mama?"

"Ikikufa nitanyamaza nayo siku kidogo. Mutoto mu tumbo hawezi kungoja." Akarudi kwenye maharage yake. "Lakini karatasi uiache mahali yake. Ni ya kwake."

Nililehemu siku ileile, saa nane za mchana, Mama Alphonsine akiwa amenisimamia begani. Alinikumbusha mstari. Yeye, nesi, alinikumbusha mstari.

Siku chache baadaye nilikwenda hospitali, katika chumba kidogo cha foni, nikaomba nikae. Kilikuwa na dirisha moja na joto la mabati. Kelele za angani zilikuwa zinapanda na kushuka kama mvua inayonyesha mbali. Nilisinzia kidogo. Kisha ndani ya ile mvua sauti ya mwanamke ikasema, karibu kabisa, kama anasema kutoka kwenye kiti cha pili: "Bunia, Bunia, hapa Fataki. Munanisikia?" Nikawaza njia ambayo sauti ile ilikuwa imepita. Ilipita kilima, ikapita ndani ya punje moja ya kilima kingine, iliyovuka bahari mara mbili, ikapigwa na radi ya misheni ikapona, ikalala ndani ya karatasi miaka kumi na mitano ikisikiliza nyimbo za Mama Rosalie. Haikupotea, kwa sababu mtu mmoja aliandika ni nini na akaiacha kando ya mwenzake.

Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya jinsi chuma hiki na wenzake wanavyopotea. Kwanza shimoni, pale maji ya kuoshea yanapobeba unga mwepesi. Kisha viwandani, kwa wanaokata na kusugua. Katika matumizi yenyewe pia: kila mara mnapobonyeza kitufe, chembe ya fedha inabaki kwenye kidole cha kitufe na nyingine inaanguka. Katika kioo cha simu kuna chuma kinachoitwa indiamu, kimepakwa kwa wembamba ambao jicho halioni; kioo kikivunjika, mnakifagia. Kobalti ya betri iliyovimba mnaitupa mtaroni nyuma ya soko, na kule, mvua ikinyesha, inaanza safari yake. Halafu kuna kupotea kwa kuchanganyika, kama ile sufuria ya maharage. Chuma kimo, ungeweza kukigusa, lakini hakuna atakayekitenga tena na kukiita kwa jina lake. Zamani nilidhani kupotea ni kutoonekana. Sasa naona vyuma hivi kama watu wa mji uliotawanyika: wote wako hai mahali fulani, mmoja hapa, mmoja kule, na haiwezekani tena kuwakusanya katika misa moja.

Punje za Kampala zilifika, si baada ya wiki tatu, baada ya kumi na moja. Nilitia mbili ndani ya foni ya Fataki, katika karatasi, kwa mwandiko wangu wa rula. Nilirudisha katika kila mashine ya mzee niliyoweza kuipata. Kila nilipomwendea Mama Rosalie na yake, alinizuia mlangoni. "Redio inasema, usiifungue. Peleka kwa ile inanyamaza." Nikapeleka. Ndivyo zilivyokwisha, na ndivyo macho yangu nayo yalivyokwisha.

Jumapili iliyopita, katikati ya misa, redio ilinyamaza. Jumatatu nilituma habari Fataki kwa foni ya hospitali, nikiuliza tu kama zile mbili zilikuwa bado zipo. Jana mwendesha pikipiki, mavumbi mpaka kope, alinipa bahasha ndogo ya dawa, ile ya kuandikwa vidonge vingapi asubuhi na vingapi jioni. Ndani kulikuwa na punje moja. Juu yake Mama Alphonsine alikuwa ameandika: *Moja imebakia na mama yake. Hii ni ya mama yetu. Mustari ni plus.*

Iko mbele yangu sasa. Naiona mbili. Naona pia miguu minne na matundu manne, na sina ujasiri wa kuchagua. Punje ni moja, na kichomeo cha kulehemia kikikaa sekunde tano badala ya tatu, kilima kingine kitaingia hewani.

Kwa hiyo mmoja wenu aje. Jumamosi, saa tatu za asubuhi, kwa Mama Rosalie, mtaa wa tatu kutoka sokoni, nyumba yenye dirisha la kijani. Mwenye mkono usiotetemeka, hata kama hajui redio; mimi najua redio, nami nitashika taa. Aje na kichomeo chembamba. Aje pia na punje yake mwenyewe ya kuacha, nzima, ya volti thelathini na tano (akiikosa Bunia, aiagize Kampala na kuileta baadaye), aifunge katika karatasi ileile ya Mzee Ukumu, maana bado ina upande mmoja ambao haujaandikwa. Aandike ni nini, na mstari uko upande gani, na salamu. Jina si lazima.

Utamkuta Mama Rosalie uani na maharage yake. Atakuuliza kama umekuja kumwangalia yeye ama redio. Mwambie kweli.